Uwezekano wa Mvua za Hapa na Pale

Nyinyi mnaoanza kazi ya utabiri wa hali ya hewa, nimeambiwa mna viti vinavyozunguka, kila mmoja ana skrini tatu mbele yake, na kuna mashine ya kahawa inayowasalimia asubuhi. Hongereni. Mimi nilianza na penseli, daftari na mkuu wa kazi aliyekuwa akikohoa kila nilipokaribia kusema jambo la maana. Sasa nimestaafu, nipo zangu mtaani Ghubra, nanywesha mimea na kuwagombeza paka wa jirani. Hata hivyo hakuna aoaye wala aozeshaye katika ukoo wetu asiyenipigia simu kwanza. "Bi Raya, itanyesha?" Nawajibu kwamba nimestaafu, na mawingu hayanipi ripoti tena.

Mmeniomba niwaambie kuhusu miezi hii baada ya joto kali. Wazee wetu walipokuwa Unguja waliiita vuli, na walijua mvua itakuja, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Hapa Maskati miezi hiyo hiyo haina adabu. Wiki mbili, tatu, hewa ni ya uvuguvugu, mbingu safi, watu wanatoa mikeka stoo na kumsifu Mungu kwamba joto limevunjika. Wanajaza magari mahema na majiko, wanakwenda mchangani na mabondeni. Halafu siku moja, saa sita mchana, mawingu yanaanza kuumuka juu ya milima kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani. Kufika alasiri unapata vumbi, mawe ya barafu na maji, vyote kwa pamoja, na anayelaumiwa ni wewe.

Kwa hiyo somo la kwanza ni la jikoni. Kabla hujafungua kompyuta, weka biskuti mbili kwenye sahani dirishani. Siku za kawaida katika miezi hii, biskuti zitabaki kavu mpaka uzichoke. Zikilainika kabla ya saa nne asubuhi, unyevu umeingia kutoka baharini na unatafuta mlima wa kuupanda. Tazama pia taulo uliloanika roshani. Likikataa kukauka, na upepo ukageuka na kutokea upande ambao hukuuzoea, usipange kwenda nyumbani mapema. Mashine zenu zitakwambieni hayo hayo, lakini biskuti haihitaji umeme na ukimaliza unaila.

Aliyenifundisha kutazama hivyo ni Mzee Hilal, mwalimu wangu wa kazi, mtu wa bara ya Omani aliyevaa kilemba kilichokunjwa vizuri kuliko kazi zangu zote. Hakuwa akiuliza hujambo. Ukiingia ofisini alikuuliza: "Umetoka nje leo?" Ukisema ndiyo, anakuuliza umeona nini. Siku moja nilimjibu nimeona gari lake limepata pancha. Akatoka, akarudi na mikono myeusi, akaniambia hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililompa tangu nianze kazi.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza, kwa sababu bado linasimuliwa na wenzangu kila tukikutana msibani, ambapo si pahala pake kabisa.

Nilitumwa wiki mbili kwenye kituo cha vipimo huko jangwani. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili, mlingoti wa kupima upepo, na lile sanduku jeupe la mbao lenye kuta za vipande vya kupishana, linalosimama juu ya miguu minne. Ndani yake mnaweka vipimajoto, hewa ipite lakini jua lisiingie. Mnalijua. Mama yangu alikataa katakata binti yake asiyeolewa apelekwe jangwani peke yake kuangalia vidude. Akafunga mizigo, akaja na mimi, yeye na sufuria zake na mtungi wa udongo wa kupozea maji, ule ambao watu wa hapa huuning'iniza kivulini.

Siku ya tatu unyevu wa hewa ukapanda ghafla na joto likashuka. Nikafurahi, nikaona msimu umegeuka mbele ya macho yangu. Nikapeleka taarifa Maskati kwa redio, sauti inanitetemeka kwa umuhimu: hewa ya jangwani imebadilika, jiandaeni. Huko makao makuu wakaanza kuchora mistari kwenye ramani. Kesho yake unyevu umezidi. Nikapeleka taarifa tena, safari hii nikaongeza neno dhoruba, kwa hiari yangu.

Siku iliyofuata Mzee Hilal akaja mwenyewe, saa nyingi za barabara ya vumbi. Hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye sanduku jeupe, akafungua mlango mdogo, akachungulia. Ndani, baina ya vipimajoto, mtungi wa mama ulikuwa umening'inizwa kwa kamba safi, unatoa jasho, na pembeni yake bakuli la halua limefunikwa kitambaa.

"Nani kaweka?" akauliza.

"Mie," akasema mama kutoka mlangoni. "Mna kabati zuri kama hilo, linapita upepo, mmeweka vijiti vya kioo tu. Maji yamepoa, mashaallah. Nikutilie?"

Mzee Hilal akanywa bilauri mbili. Akakiri maji yamepoa. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza swali lake lile lile, kama nimetoka nje leo. Siku tatu nilisoma vipimo kwa kuingiza mkono kwenye kile kimlango na kusogeza tochi bila kutazama kulia wala kushoto. Makao makuu walifuta mistari yao. Mimi waliniita kwa jina la mtungi kwa mwaka mzima.

Mnacheka. Sasa tuje kwenye kosa ambalo halichekeshi sana, ingawa nitajitahidi.

Kila ofisi ina lugha yake. Yetu ilikuwa na neno moja tulilolipenda kuliko watoto wetu: uwezekano. "Uwezekano wa mawingu kujitokeza na mvua za hapa na pale." Sentensi hiyo ni kazi ya mafundi. Ikinyesha, ulisema. Isiponyesha, hukusema. Ikinyesha kwa jirani, ndiyo hapa, na kwako ndiyo pale. Niliiandika kwa Kiarabu, nikaitafsiri kwa Kiingereza, na nyumbani niliisema kwa Kiswahili mtu akiniuliza kama chai iko tayari.

Sikuwa hivyo tangu mwanzo. Kilichoniharibu ni harusi. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, binti wa binamu yangu aliolewa, na sherehe ilipangwa uani, taa zimefungwa kwenye miti, jukwaa limepambwa. Nikawaambia bila kupepesa macho: hamisheni, usiku huo itanyesha. Wakahamisha kila kitu, wakabanana kwenye ukumbi wenye harufu ya rangi mpya, bibi harusi akapiga chafya kwenye kila picha. Nje halikuanguka tone. Nyota zote zilijitokeza, hata zile ambazo hatujaziona miaka. Ukoo mzima ukaniita Bi Mvua Kavu, na mimi nikajiapiza kimoyomoyo kwamba sitasema tena neno la kunyooka mpaka nichukue kiinua mgongo changu.

Basi ikaja Jumamosi moja ya miezi hii. Nilikuwa zamu ya asubuhi. Wiki tatu hewa ilikuwa tamu na Maskati yote ilikuwa nje. Biskuti zangu zililainika saa tatu. Nikatoka nje, nikatazama milima, nikaona vichwa vya mawingu vinaanza kunyanyuka, vyeupe, vigumu, vina haraka. Picha za setilaiti zikasema hivyo hivyo. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba alasiri ile milima ya nyuma ya Yiti, kijiji cha pwani nje ya mji, itapigwa. Nikakaa kuandika taarifa ya saa sita, na nikaandika nini? Uwezekano wa mawingu kujitokeza na mvua za hapa na pale, na wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Nikatia saini. Saa nane nikamkabidhi zamu kijana wa kazini, Yasir, nikarudi Ghubra.

Nilikuwa navua viatu nilipofungua kundi la familia kwenye simu. Picha kumi na moja. Mdogo wangu Khalfan, mkewe, watoto wao wanne, na shangazi yetu Bi Thuwaiba, aliyetulea sote na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akitutawala kutoka kwenye kiti cha kukunja. Wametandika mikeka chini kabisa ya bonde huko nyuma ya Yiti, kwenye mchanga laini, kwenye kivuli cha miti. Kwa wageni wa nchi hii, hayo mabonde ni mito iliyokauka. Mwaka mzima huoni maji, na kwa sababu hiyo watu huyapenda kwa kupumzikia. Mvua ikinyesha mlimani, mbali, wewe uko juani unakula, na maji yanakuja bila kukuuliza.

Nikampigia Khalfan.

"Ondokeni hapo."

"Dada, huku jua linawaka. Nimepaka watoto mafuta."

"Khalfan, tazama mlimani."

"Naona wingu moja. Zuri tu." Nikamsikia anageuka kuwaambia wengine, "Bi Mvua Kavu huyo!" Na kicheko, na sauti ya watoto. Halafu akarudi kwenye simu. "Taarifa yako tumeisoma, imeandikwa uwezekano. Uwezekano mbona upo kila siku? Hebu tuache tule pilau, tutakuletea ukoko."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kazi, vyeti ukutani, na sikuweza kumtoa ndugu yangu mwenyewe kwenye mkeka.

Nikakaa kwenye ngazi, nikafikiri kwa dakika moja. Nikaona sayansi imenishinda, sasa niwe Mzanzibari. Nikampigia Bi Thuwaiba kwenye simu yake ndogo ya vitufe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona huji? Pilau linakaribia."

"Shangazi, nna wageni hapa."

"Wageni gani?"

"Wa kutoka Unguja. Wamefika sasa hivi kutoka uwanja wa ndege, hawakutoa habari. Watu watano. Na mie nyumbani sina hata kitunguu."

Nyinyi vijana wa Kiomani mlionyonya Kiswahili mnajua nilichofanya. Ningemwambia nyumba inaungua, angeniambia nimwage maji. Lakini wageni wamefika kwa mtoto wa kaka yake, wamekaa na njaa, na yeye yuko chini ya mti anakula? Habari hiyo ingefika Unguja kabla ya magharibi.

"Wape maji," akasema. "Washa udi. Usiwaonyeshe jikoni. Tunakuja." Na kabla hajafunga simu nikamsikia anaunguruma, "Khalfan! Nyanyua sufuria hilo kama lilivyo!"

Nikamshukuru Mungu na kumwomba msamaha kwa sala moja. Nikakaa dirishani. Upande wa milima palishakuwa peusi, na upepo ukaanza kupeperusha mifuko mtaani. Nilihesabu kona za barabara kichwani: sasa wamefika lami, sasa wamepita kilima, sasa wako mjini.

Gari la Khalfan likaingia. Nyuma yake likaingia jingine, kuukuu, la rangi ya krimu, nisilolijua. Bi Thuwaiba akateremka wa kwanza, ameshika kifuniko cha sufuria kama ngao. Kutoka kwenye lile gari kuukuu wakatoka mwanamme mmoja, mwanamke, na wasichana wawili wenye haya; wa tatu, mdogo wao, akateremka gari la Khalfan.

"Wako wapi hao wageni?" akasema shangazi, akinipita kuingia sebuleni. Akaona viti vitupu. Akanigeukia.

"Na hao ni nani?" nikauliza mimi.

"Hawa walikuwa mkeka wa pili kule. Tangu asubuhi wananusa pilau letu. Tutaondokaje na sufuria lote, tuwaache na mikate yao? Nimewaambia njooni, kuna wageni nyumbani, mtakula nao. Wakakataa. Nikamchukua mdogo wao nikamtia garini, wakafuata. Haya, wageni wako wapi, Raya?"

Nikasema kweli. Hapakuwa na njia nyingine, kwani udi wenyewe sikuwasha. Khalfan akaweka sufuria chini kwa kishindo, akaanza kunichambua mbele ya watu, harusi na mtungi na kila kitu. Mwanamke yule mgeni ndiye aliyemkatiza. Aliniuliza kwa Kiarabu, kwa upole, kama mimi ndiye ninayeandika zile taarifa. Nikasema ndiyo.

"Tuliisoma mchana," akasema. "Mume wangu akaniuliza, kwani inatuambia tufanye nini? Nikamwambia, haisemi."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa, anajipepea na kile kifuniko. "Na wengine?" akasema.

"Wengine gani, shangazi?"

"Bonde limejaa watu, mwanangu. Kuna hema la kijani kule juu, kuna wale wenye pikipiki, kuna kinamama wa kijiji cha Sidab na watoto wao. Umewapigia nao, umewaambia wana wageni?"

Niliona haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Mimi nililipwa mshahara nionye nchi nzima, nikaja kufikiria mkeka mmoja tu. Yule kizee asiyejua kusoma kipimajoto aliondoka na wake na wa jirani, kwa sababu ya harufu ya pilau.

Nikampigia Yasir kazini.

"Toa taarifa mpya. Sasa hivi, iende kwenye simu zote za upande huo. Andika: Maji yanakuja. Tokeni mabondeni. Acheni vitu, chukueni watu, pandeni juu."

"Khala," akasema, yaani mama mdogo, kama vijana wote walivyoniita, "hiyo si lugha ya ofisi. Na mkuu hapokei simu. Tukikosea?"

"Andika jina langu. Isiponyesha nitakuja kesho kuomba radhi mwenyewe, na ukoo wangu utanisindikiza kwa vigelegele."

Nilimsikia anapumua. Halafu nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Nikawapigia na watu wa uokoaji, nikawaeleza wapi, na nani nimeambiwa yupo wapi, hema la kijani, pikipiki, kinamama. Walikuwa tayari njiani kwa ajili ya bonde jingine, wakageuza gari moja.

Tukangoja. Hakuna aliyekula, na kwa nyumba yetu hilo ni jambo la kuandikwa. Robo saa baadaye mawe ya barafu yalianza kugonga vioo, na barabara ya mbele ikawa mfereji. Khalfan alisimama dirishani na mtoto wake begani. Simu yake ikapata video kutoka kwa mtu aliyekuwa barabarani kule juu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yamejaza bonde ukingo kwa ukingo, na ile miti tuliyoiona kwenye picha zetu imebaki vilele tu. Akaitazama mara mbili, akanipa simu, akaingia msalani akafunga mlango.

Kabla ya magharibi afisa wa uokoaji akanipigia. Wote wametoka. Magari matatu yamekwenda na maji, pikipiki moja, na mbuzi ambaye hawakujua wa nani.

"Khala, nani kaandika ile taarifa ya pili?" akaniuliza.

"Mimi. Nitakuja kujieleza."

"Hapana, nataka kukwambia kitu. Yule mzee wa hema la kijani ndiye wa mwisho. Tumefika, tumembembeleza, kagoma. Kasema kila mwaka mnatwambia uwezekano, na kila mwaka nalala hapa. Mara simu yake ikalia. Akaisoma, akainuka mwenyewe, akaacha hema limesimama. Nikamuuliza vipi, sisi umetukatalia? Kasema, hii hawakuandika serikali. Hii kaandika mtu anayejua kama sisi tuko huku."

Nikakaa sakafuni baina ya masufuria, nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya watu watano nisiowajua hata majina. Bi Thuwaiba akaja na sinia, akanisukuma kwa mguu.

"Sogea hapo," akasema. "Wageni hawajala."